Kamba Mguuni

Niliwanunua watatu Burma, asubuhi ya baridi ya Julai:
mweusi, wa madoadoa, na mmoja rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa mezani.
Muuzaji aliwafunga miguu kwa uzi wa gunia,
akaapa kwa nyanyake kwamba wanataga.

Syombua alikuwa mlangoni. Miaka kumi na miwili,
sketi ya shule, mikono kiunoni.
"Hawaingii," alisema, wala hakusema kwa hasira.
"Siku kumi na nne kwanza. Mama alikuwa anahesabu."

Basi wageni wangu wakalala bafuni,
nasi tukaoga jikoni, kwa karai, kwa zamu,
babake akilalamika, povu machoni.
Kila jioni aliwainua mmoja mmoja,
akapuliza manyoya kutafuta utitiri,
akabandika sikio kifuani, akaziba lake la pili,
kwani kideri hakibishi hodi.
Nyuzi tulizikata. Wa chai fundo lilikataa,
kipande kikabaki kikiburuta sakafuni.
Jirani akachungulia juu ya ukuta:
"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni,"
akicheka, akitazama
miguu yangu.

Nyuma ya nyumba, hapa Kariobangi Kusini,
kati ya ukuta na tangi la maji
pana hatua sita na serikali kamili.
Diwani, mweupe, kilemba kimemlalia jicho moja.
Karani, anayemfuata na kukubali kila kitu.
Bi Harusi, asiyekanyaga tope.
Na Deni, aliyetwaliwa kwa mtu
aliyeshindwa kulipia mitumba.
Majina aliyatoa yeye, aliyekuwapo kabla yangu.

Wiki ya tatu tukasimamisha wavu katikati.
Diwani akapiga doria, kwenda, kurudi,
shingo imevimba kama aliyetukanwa.
Syombua akafunga jani la sukumawiki kwenye wavu,
wakalidonoa huku na huku, jani lile lile.
"Wakila bila kutazamana, ni mwanzo," alisema.
Usiku huo mezani
tulikula ugali vivyo hivyo.

Kisha stima ikapotea mtaa mzima.
Nikahisi kidole begani; hakuwahi kunigusa.
"Sasa. Kuku gizani haulizi nani kalala ubavuni."
Tukawabeba, vifua vyao vya moto viganjani mwetu,
tukawapanga kwenye fito, mwenyeji, mgeni, mwenyeji,
bila neno, tukishika pumzi kama wezi.

Kulipokucha, wakahesabiana.

Sitaki kusimulia kelele zile.
Diwani alimshukia wa chai kisogoni, manyoya yakaruka,
na kuku akiona damu hana udugu:
hata Karani, hata Deni, walikuja kuchukua chao.
Nikamkumbatia mgonjwa, nikasema namrudisha Burma,
nitapoteza nauli na aibu, basi.
Syombua alikuwa na chupa ya dawa ya zambarau,
akapaka mpaka nyekundu ikapotea.
"Ukimtoa, ataanza tena mwanzo.
Mweke. Lakini weka mabakuli matatu, usiweke moja.
Anayepigwa awe na pa kukimbilia."
Akakaa juu ya ndoo, daftari la hesabu magotini,
akawalinda hadi magharibi.

Sijui ilikwisha siku gani.
Hapakuwa na siku. Palikuwa na ukimya,
kisha yai la kahawia ndani ya sufuria kuukuu.
Diwani bado hula kwanza. Wa chai hula mwisho,
kisogo bado cha zambarau,
lakini hula, na hageuki tena nyuma kila punje.
Ule uzi ulikatika wenyewe. Niliukuta topeni.

Jumamosi nilisikia mtoto akiita uani:
"Bafuni! We Bafuni, toka kwenye mboga!"
Nikaacha sufuria ninayoosha.
Wa chai alikuwa anakimbia, mbawa wazi,
akiitika.

Mimi bado ni Nani.
"Nani, leta mtama."
Naleta.